Pakanga Iliyotoka Bukavu

Enzi zetu pale Kabondo, mtaa wa Kisangani, wingu likitanda juu ya mto, watoto wa kila nyumba walikimbilia nguo kwenye kamba. Sisi tulikimbilia beseni. Kando ya jiko Mama alikuwa ameotesha pakanga, kichaka kidogo chenye majani ya rangi ya majivu, na harufu yake ilikushika vidole mpaka ukaila pamoja na lituma, ndizi zetu za kuponda. Bibi, mama yake, alimpa mche huo alipoolewa na kuondoka Bukavu, kwenye baridi. Mvua ya Kisangani ilikuwa nyingi mno kwake, mizizi ikawa inaoza. Ndipo Mama akaipanda juu ya kituta cha mchanga na kokoto, na mvua kubwa ikija tunaifunika.

Jirani yetu, Mama Zuena, alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

«Watu ya Bukavu! Manguo inaloa, majani ndio munafunika?»

«Mama yangu alisema atakuja kuiona,» Mama alimjibu. «Akikuta imekufa, nitamuambia nini?»

Uhuru ulipokuja tuliimba barabarani mpaka sauti zikakauka. Mama alitia matawi ya pakanga katikati ya mashati yetu sandukuni, kufukuza wadudu, tukaenda shule tukinuka dawa ya minyoo. Tena dawa yenyewe tuliinywa, chungu ajabu, na hakuna aliyethubutu kutema. Watoto wa leo wanataka hata kidonge kiwe na sukari.

Kisha uasi ukaingia mjini. Tukashuka mto kwa pirogi mpaka Yanonge, kwa ndugu za Papa. Papa alisema tubebe chakula tu. Mama alilia njia nzima kwa ajili ya pakanga, maana barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, barua hazipiti, na hakuwa na kitu kingine cha mama yake.

Tuliporudi, milango ilikuwa imeng'olewa, sufuria zimekwenda. Pakanga ilikuwa hai chini ya beseni la Mama Zuena. Yeye hakukimbia, na kila mvua alivuka ua kuja kuifunika, risasi zinalia au hazilii.

«Donc niiache ikufe?» alisema. «Na mama yako akikuja?»

Bibi hakuja. Njia zilipofunguka, alikuja tonton, mdogo wake Mama. Akakataa kiti, akabaki amesimama uani, na Mama akajua. Bibi alikuwa amezikwa tangu tukiwa Yanonge. Miezi yote ile Mama alikuwa akipanga atakavyompokea, kumbe hana wa kumpokea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi binti yangu anaishi Bukavu, na kila jioni ananipigia simu. Wajukuu wanasimama mbele yangu wakinung'unika, wanataka simu yao.

«Koko, fupisha, batri inaisha!»

Nafupisha. Wao hawajui. Mama yangu hakupata hata kumsikia mama yake akikohoa.