Mchoro Uliomwingiza Masele Shimoni

Mwanangu Masele alizikwa mara mbili. Mara ya kwanza alijizika mwenyewe.

Mimi ni Mama Valerian wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Shule niliishia darasa la nne, mtanivumilia. Naandika humu kundini maana nawaona akina mama wenzangu mnatamba, "Wangu yuko Ulaya." Mkiulizwa anafanya nini huko, hamjui.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka 1986 Valerian, mkubwa wangu, alikuja likizo kutoka Ujerumani. Kazi yake eti kubuni kumbukumbu za kompyuta.

Kompyuta yenyewe mtaani kwetu nani kaiona?

Akatandaza likaratasi sebule nzima. Vijumba vidogo vidogo, safu kwa safu, rangi kama khanga dukani. Akawa anatambaa juu yake na kalamu nyekundu. Mahali pamoja akapazungushia duara.

Mdogo wake Masele, mchimba almasi wa Maganzo, kasimama mlangoni kakodoa macho.

"Kaka, ramani ya wapi hiyo?"

"Siyo ramani. Ni siri ya kazi. Kuna watu wameagiza chombo chao peke yao, nikisema nafukuzwa."

"Heee! Siri mpaka kwa tumbo moja? Haya, bwana mkubwa."

Sasa mwambie mchimbaji neno siri, uone. Maganzo mtu akificha karatasi, kaficha jiwe la almasi.

Nikamvuta Masele uani. "Ng'wanawane, mwanangu, achana na karatasi ya kaka yako."

"Mayu, mama yangu, hujui wewe. Ule mstari mnene ni barabara ya Mwanza. Ule uliopinda ni kijito chetu. Pale pekundu ndipo penyewe!"

Nikamfuata Valerian. "Baba, mweleze mdogo wako."

Hata hakuinua kichwa. "Mama, hawezi kuelewa."

Valerian akaenda Isaka kumsalimia shangazi yake. Huku nyuma Masele akaunakili mchoro uliobaki sebuleni, akaenda kando ya kijito kuchimba. Peke yake. Magogo ya kuzuia udongo hakuweka, aliogopa wenzake wangeyaona wakamwingilia.

Akaja rafiki yake Ngassa, anahema. Shikamoo hakuikumbuka.

"Mama, shimo limemla Masele."

Walimtoa amekwisha kuwa wa baridi. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Valerian aliporudi, Ngassa akamkabidhi karatasi ile. Akaitazama, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama, hivi ni vijumba vya kutunzia kumbukumbu. Kila kimoja kinashika ndiyo au hapana, basi. Nilikuwa nafupisha njia za umeme ili kompyuta ipate jibu upesi. Chombo kikitengenezwa, mchoro wote huu unatosha juu ya ukucha."

Ukucha!

"Na pale pekundu?" nikamuuliza.

Akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

"Pale njia mbili ziligusana. Nilipazungushia kwa sababu ni kosa langu, nije nilirekebishe."

Jamani. Mwanangu alifia juu ya kosa, akidhani ni almasi.

Akina mama, waulizeni watoto wenu mpaka wakereke. Na nyie mliosoma, siri ya kazi tunzeni, lakini msimwambie ndugu yenu kwamba hawezi kuelewa.

Ataelewa tu. Ila ataelewa lake.