Ng'ombe wa Jirani na Kelele za Kwadi

Nina pikipiki mbili za magurudumu manne, zile wageni wanaziita kwadi. Nawatembeza nazo mashambani upande wa Endabash, na njia pekee inapita nyuma ya zizi la mama jirani. Mwaka jana ng'ombe wake alipozaa, kila nikipita anaruka, anapiga teke ndoo, maziwa yanamwagika. Mama akanishtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikaambiwa kelele zipungue kabla ya Jumapili, la sivyo njia inafungwa. Nami bila njia ile sina kazi, basi.

Hasira zangu ziko karibu. Nikaapa kwamba mchawi ni ekzosi, nikanunua mpya. Wapi! Ng'ombe akaruka vilevile.

Binti wa dada yangu, anayesomea uhandisi Arusha, akaja na ringi ya baiskeli aliyoizungushia maikrofoni ndogondogo. Nikamuuliza kama anataka kurekodi kwaya. Akacheka tu, akaisimamisha kando ya kwadi, akaiunganisha na kompyuta, akaniambia niwashe. Alinieleza kwamba sauti haifiki kwenye maikrofoni zote kwa pamoja. Kompyuta inapima tofauti hiyo na kujua imetoka wapi. Kwenye kioo ikatokea picha ya kwadi yangu, na doa jekundu penye kelele. Halikuwa kwenye ekzosi. Lilikuwa chini ya injini, kwenye bamba.

Bamba lenyewe nalipenda kuliko injini! Huku kwetu hununui chombo cha moto ukakitumia hivihivi. Kwanza unakipeleka kwa fundi wa kuchomelea akiongezee vyuma. Mabamba yangu yalikatwa kwenye pipa la mafuta, yakachomelewa kwenye fremu kuzuia mawe. Kumbe injini ilikuwa inayatetemesha, nami natembea na ngoma.

Nilinuna, lakini nikayakata. Nikayarudisha kwa bolti, kati ya bamba na fremu nikaweka vipande vya mpira nilivyovitoa kwenye katambuga, viatu vyangu vya zamani vya tairi.

Jumamosi jioni nikapita nyuma ya zizi kwa mwendo wangu uleule. Mama alikuwa anakamua. Ng'ombe akainua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Nikazima injini. Machozi yalinilengalenga, mtu mzima mimi.

Mama hakuacha kukamua.

"Sasa unasimama nini, baba? Pita," akasema. "Na wageni wako kesho waje na vikombe."