Kampeni Niliyoifanya kwa Dodoki

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, hapa hapa Likoni, shangazi yangu Bi Mwanasiti alipokuja kunigongea mlango, mkono mmoja chupa ya mafuta ya taa na mkono wa pili dodoki. Nilidhani amekuja kunisaidia kufua. Kumbe alikuja kuniokoa, nami wala sikujua kama nazama.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, upate kuelewa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Zilikuwa bado zama za madiwani. Hilo bunge la kaunti mnalonijua nalo nyinyi lilikuwa halijazaliwa. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yangu ilikuwa ikisikika mitaa miwili. Watu wakaniambia, "Mishi, simama. Wadi hii haijapata kuwa na diwani mwanamke." Nikasimama. Wallahi sikusimama kwa tamaa. Mifereji yetu ilikuwa mikavu, na watoto wangu wa chekechea walikuwa wakichelewa shule kwa kupanga foleni na madumu. Nia yangu ilikuwa njema. Ila nia njema, mwanangu, haimzuii mtu kupotea njia.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Bwana Nzioka, fundi wa baiskeli pale njia panda. Babake alikuja kutoka bara kufanya kazi bandarini, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akasomea hapa, akaoa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha baadhi ya ndugu zangu. Hakuna mtu mtaani ambaye Nzioka hakuwahi kumzibia pancha. Nilipozunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, nilisikia jina lake likisifiwa kabla sijalitaja langu. Hofu ikaanza kuniingia.

Nilikuwa na mpambe wangu, Salimu, kijana mwenye maneno mengi na haya kidogo. Akaniambia, "Dada, hayo maji na hizo shule ni wali bila mchuzi. Watu wanataka pilipili."

"Pilipili gani?"

"Wewe ni mwenyeji. Yeye je?"

Nilimkemea, nakumbuka nilimkemea. Lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani.

Basi Ijumaa, baada ya alasiri, tukafanya mkutano uwanja wa mpira. Nikaanza na maji, watu wakapiga makofi ya adabu. Nikaingia kwenye shule, makofi yakapungua. Nikaona wengine wanageuka waende zao. Ndipo nikatia pilipili. Nikauliza, "Shamba likiota magugu, mkulima hufanyaje?"

"Hupalilia!"

"Basi palilieni! Na nyote mwayajua magugu ya hapa!"

Uwanja ulilipuka. Vijana walinibeba mabegani mpaka barabarani. Salimu alikuwa akicheka kama aliyepata mtoto wa kiume. Nililala usiku ule nikitabasamu, Mungu anisamehe.

Sasa rudi nami mlangoni kwangu, Jumamosi asubuhi.

"Abee shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Jifunge leso, tutoke."

Bi Mwanasiti hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mkunga wetu, na nusu ya watoto wa mtaa ule waliangukia mikononi mwake, wa pwani na wa bara, na hakupata kumuuliza mtoto amekuja kutoka wapi. Akiwa amekasirika alizidi kunyamaza. Siku ile alikuwa kimya kabisa. Nikamfuata.

Tulikata vichochoro viwili, akasimama mbele ya mlango mmoja. Mlangoni palikuwa pamepigwa alama ya mkasi, mistari miwili mikubwa iliyokatana, kwa rangi nyekundu.

"Nani kafanya haya?" nikauliza.

"Wewe."

"Shangazi, mimi sikumtuma mtu."

"Hukumtuma kwa mkono, umemtuma kwa mdomo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lako, Mishi, lingekuuma peke yako." Akanipa chupa. "Milango ni saba. Nimeipita yote baada ya sala ya alfajiri. Yote ni ya watu ambao wazazi wao walitoka bara. Na walioitia alama hawakuitia pambo. Wameitia ili wenzao wajue pa kugonga."

Mpaka leo, mwanangu, nikisikia hodi usiku huyakumbuka maneno hayo, "pa kugonga".

"Utafanya nini?" nikamuuliza, kwa ujinga wa mtu aliyeshikwa.

"Mimi? Mimi nitasimama nikutazame. Utagonga hodi, utajitaja jina, utasema umekuja kufanya nini, kisha utafuta."

Nikagonga. Akatoka baba mmoja mtu mzima, akaniangalia mimi, akaliangalia dodoki. Nikasema, "Mimi ni Mishi. Jana nilisema maneno mabaya uwanjani. Nimekuja kufuta mlango wako." Alirudi ndani akaufunga, nami nikausugua ukiwa umefungwa, rangi ikinitiririka mpaka viwikoni. Mlango wa pili mama mmoja alinitukana, akanitukana vizuri, nami nikasugua huku nikitukanwa. Mlango wa tatu alitoka mzee, akacheka kicheko kikavu, akasema, "Mwalimu, hapo juu umebakisha." Wa nne hapakuwa na mtu. Wa tano mwenye nyumba aliniambia niache, ataufuta mwenyewe, hataki kuniona. Shangazi akamwomba kwa upole aniache nimalize. Akakaa kizingitini akinitazama mpaka doa la mwisho. Wa sita niliusugua watoto wakinichungulia dirishani.

Majirani wakaanza kukusanyika. Mgombea, mwalimu wa watoto wao, yuko chini na dodoki! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwangalia shangazi kumwomba kwa macho, lakini yeye alikuwa akisalimiana na watu kana kwamba tumetoka kwenda sokoni.

Mlango wa saba ulikuwa wa Mama Ndunge, fundi wa kushona. Ndiye aliyenishonea nguo yangu ya harusi, na hata sare za chekechea yangu zilitoka kwenye cherehani yake. Nikagonga. Mlango ukasogea wenyewe. Ndani mtupu. Pale palipokuwa na cherehani palibaki alama nne za miguu yake sakafuni.

Jirani akatokeza kichwa. "Wametoka sasa hivi. Wanakwenda feri."

Sikungoja kuambiwa. Nilikimbia, mwanangu, na leso kiunoni, mikono myekundu, nikinuka mafuta ya taa, nikipishana na mikokoteni na wenye mizigo ya sokoni. Watu waliniita, sikugeuka. Nilikuwa nikisema moyoni: Ya Rabi, wasiwe wamevuka. Ya Rabi, wasiwe wamevuka.

Niliwakuta kwenye foleni, watu wakisubiri lango lifunguliwe. Mama Ndunge alikuwa ameshika mkokoteni wenye cherehani, godoro na sufuria, na binti zake wawili wamemshika gauni, kila mmoja upande wake. Yule mdogo alikuwa mwanafunzi wangu. Aliponiona alijificha nyuma ya mamake. Kabla ya siku ile, mtoto yule akiniona alikuwa akinikimbilia.

Nikasema, "Mama Ndunge, rudi. Mlango wako nitaufuta sasa hivi."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Mlango ungefutwa hata na mvua, mwalimu. Masikio ya wanangu nitayafuta na nini? Huyu jana usiku aliniuliza kama yeye ni gugu."

Lango likafunguliwa, watu wakaanza kushuka kuelekea kivukoni. Mama Ndunge akaushika mkokoteni vizuri. Hapo ndipo shangazi akatufikia, akitweta, maana umri ulikuwa umekwenda. Akaweka mkono juu ya cherehani.

"Mama Ndunge, huyu mkubwa wako nilimpokea mimi. Ninakuomba kitu kimoja. Njoo ukae kwangu mpaka jioni. Leo Mishi ana mkutano mwingine. Yale maneno aliyasema kwa kipaza sauti, na atayarudisha kwa kipaza sauti. Asipofanya hivyo, mkokoteni huu nitausukuma mimi mwenyewe mpaka ng'ambo, na huku sitarudi."

Foleni ilitupita kushoto na kulia. Watu walikuwa wakigombana na sisi tuwapishe. Mama Ndunge aliutazama mkokoteni, akawatazama binti zake, akamtazama shangazi. Kivuko kikajaa. Kikaondoka. Naye alikuwa bado amesimama.

Mwanangu, nimeshinda chaguzi mbili maishani mwangu, na sikuwahi kupata furaha kama ile ya kukiona kivuko kile kikienda bila wao.

Alasiri ile uwanja ulijaa kuliko jana yake. Habari ya pilipili ilikuwa imeenea. Salimu alikuwa ameandaa wimbo kabisa, wa kupalilia. Nikapanda jukwaani, nikauzima wimbo kwa mkono. Nikasema, "Jana niliwaita majirani zetu magugu. Nilisema uongo, na nilijua kuwa ni uongo. Nilitaka makofi yenu. Hakuna gugu hapa. Aliyepaka rangi milangoni asiseme ametumwa na Mishi. Na atakayegonga mlango wa mtu kwa ubaya, aanze na wangu."

Wakaanza kuzomea. Salimu alininong'oneza, "Dada, umejichinja," akashuka jukwaani, na kwenye kampeni yangu hakurudi tena. Watu waliondoka makundi kwa makundi. Mama mmoja mzee, aliyebaki mbele, akauliza kwa sauti, "Sasa Mishi, tukuchague kwa lipi?" Nikamwambia, "Kwa maji, bibi, kama bado mwataka." Akacheka. Wachache waliobaki nao wakacheka. Basi nikahutubia watu wale wachache habari ya mifereji mpaka jua likazama.

Nilishindwa. Tena si kwa kura mbili tatu, nilishindwa vibaya. Vijana walionibeba mabegani walimpa kura mgombea mwingine aliyejua kusema kwa ukali kuliko mimi, na aliyeshinda ni Nzioka. Lakini siku ya kura ilipita, na ya matokeo ikapita, na hakuna mlango hata mmoja uliogongwa kwa ubaya. Asubuhi iliyofuata nilipita nyumba ya Mama Ndunge, nikaisikia cherehani ikikimbia ndani. Nikaegemea ukuta pale kichochoroni nikalia, na yalikuwa machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilikwenda kumpa Nzioka mkono. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu, diwani mzima. Akajifuta grisi, akaniambia, "Mwalimu, mke wangu naye alikuwa ameshafunga mizigo yetu. Ulipoyarudisha yale maneno, akaifungua." Kisha akaniuliza mipango yangu ya mifereji, nami nikampa yote. Sehemu kubwa aliitekeleza. Nikwambie kweli, iliniuma kidogo kuona maji yanatoka na sifa si zangu. Lakini yalikuwa maji, na watoto waliwahi shule.

Nzioka alikaa muhula mmoja, akarudi kwenye baiskeli zake. Uchaguzi uliofuata nilisimama, na mtu wa kwanza kunipigia kampeni alikuwa Mama Ndunge. Nikawa diwani. Kaunti zilipokuja nikasimama tena, nikaingia bunge la kaunti, nikavaa ile beji, nikakaa kwenye viti vile virefu. Kisha kijana mmoja akanishinda, nikampa mkono kabla karatasi hazijakauka wino. Walioniona walishangaa natabasamu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba kuna kushindwa ambako ni rehema.

Sasa wewe, mwanangu, unayetaka uongozi, nisikilize. Kabla ya kusimama mbele ya watu, jiulize utawaambia nini makofi yakipungua. Hapo ndipo mtu hupimwa. Aliye na jambo la kweli ataendelea nalo hata kwa watu kumi. Asiye nalo atamtafuta jirani wa kumchoma. Na siku hizi hakuna haja ya rangi wala brashi. Neno moja ukilitia kwenye simu, kabla hujameza mate limekwisha fika Kisauni na Changamwe, na huko hapafiki dodoki la mtu.

Ukikosea, maana utakosea, usitume mtu akakuombee radhi. Nenda mwenyewe. Nenda siku hiyo hiyo. Ulilosema hadharani usilitakie radhi faraghani. Na akitokea mzee wa kukutoa nyumbani kwa aibu, mfuate, hata kama anakupitisha mbele ya wapiga kura wako wote. Anayekupenda kwa kweli hatakuacha ushinde kwa ubaya. Na kiti ukikikosa, kikose huku majirani zako wote wapo majumbani mwao. Huko si kukosa.

Nenda basi, mwanangu. Mola akupe ulimi wa kujenga na masikio ya kuambiwa. Akupe kura kama kuna heri ndani yake, na kama hamna akuepushe nazo. Akujaalie kila mlango utakaogonga ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona, nawe ulale salama, na jirani yako alale salama. Amina.