Chumba cha Nyuma, Vulamba

Nimepanga nyumba nyingi maishani mwangu, na wenye nyumba nawajua kama mtu anavyokijua kiatu kinachombana. Kwetu Mwanza mwenye nyumba huuliza unafanya kazi gani. Butembo, mashariki mwa Kongo, niliulizwa ninasali wapi.

Tulifika huko mimi na mume wangu wakati wa vita, tukipitia Uganda na mpaka wa Kasindi. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa alikuwa akitafuta fundi wa malori, na mume wangu hajapata kuona lori bovu akalipita. Mimi nilibeba cherehani yangu na mimba changa. Nilitarajia joto, maana shuleni tulifundishwa kwamba ikweta inapita maeneo yale. Nikakuta vilima, mikaratusi, ukungu wa asubuhi, na baridi inayogandisha mafuta ya nazi chupani.

Kutafuta nyumba kulitutoa jasho katika baridi hiyo hiyo. Mjini walikuwapo askari wa kigeni, na wao pia walitokea mashariki kama sisi, kwa hiyo kila tulipobisha hodi watu walitupima kwa macho kuanzia viatu hadi kofia. Mzee mmoja alimwambia mume wangu bila kupepesa macho, kwa Kiswahili chao ambacho "lakini" ni mais ya Kifaransa, "Nyumba iko. Mais ya kukupangisha weye, hapana." Nilikasirika njia nzima. Nilisema nitalala ndani ya lori na nitazalia humo humo, mtoto tumwite Gurudumu. Mume wangu akacheka, mimi sikucheka.

Aliyetupokea alikuwa mjane Mprotestanti wa upande wa Vulamba, mama mwembamba mwenye sauti ndogo. Yeye aliishi mbele, na nyuma ya uwanja wake palikuwa na kinyumba cha matofali ya udongo, vyumba viwili, na jiko lake pembeni. Ndiye aliyeuliza tunasali wapi. Nikamjibu kwamba mimi Mkatoliki, na mwenzangu hupiga magoti chini ya malori tu.

"Mungu iko hata chini ya lori," akasema, akanipa ufunguo.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, pombe isiingie uwanjani. La pili lilikuwa jikoni. Nilipofungua mlango, kitu kikanipita miguuni, kikafuata kingine, nikapiga yowe nikidhani ni panya. Walikuwa simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na mkia, kundi zima, wameketi kuzunguka mafiga kama wajumbe kikaoni. Huko kila jiko huwa na simbilisi wake, hula majani na maganda, na siku ya mgeni mmoja huingia chunguni. "Hawa ni ba nyumba," mama akaniambia, yaani ni wa nyumba. "Mupangaji anaendaka, bao banabakia." Basi nikawa nakata majani kila asubuhi, mimi binti wa mjini, nikilisha wenyeji wangu wa miguu minne.

Miezi ikapita. Majirani wakanizoea, wakaniita Mama wa Tanzanie. Nikashona sare za kwaya, na tumbo nalo likakua mpaka nikawa nashona kwa ubavu. Mume wangu alihamishiwa gereji ya tajiri wake kule Beni, akawa anarudi barabara inaporuhusu. Kisha vita vikawaka upande wa kaskazini, na barabara ikaacha kuruhusu.

Watu walianza kushuka kutoka Eringeti, kaskazini ya Beni. Walipita Mavivi, wakapita Beni, wengine wakatembea mpaka kwetu. Nilisimama kando ya barabara kuu na jirani zangu, tukawaona wakija: magodoro vichwani, masufuria, chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba mzee aliyefunikwa shuka. Hakuna aliyelia. Kilichosikika ni miguu tu. Nilijiuliza wote wale watalala wapi. Mahema sikuyaona, wala gari la msaada.

Kesho yake nilipita pale pale nikienda sokoni, barabara ilikuwa nyeupe. Nikadhani wameendelea mbele. Nikamuuliza muuza chumvi wameelekea wapi.

"Kuelekea wapi?" akanishangaa. "Bako mu manyumba."

Sikumwelewa mpaka Jumapili. Siku hiyo nilimsindikiza mama mwenye nyumba kanisani kwake, kwa kuwa kilima cha kwenda kanisani kwangu kilikuwa kimenishinda kwa tumbo lile. Baada ya mahubiri mchungaji aliwaomba wageni wa njiani wasimame. Wakasimama, safu kwa safu, na mavumbi yao. Hakuna aliyehubiri juu ya ukarimu. Watu wa kanisa walitoka kwenye viti vyao, mmoja mmoja, wakawaendea. Mwalimu alimshika mkono baba mwenye watoto, wakatoka nje. Bibi kizee, ambaye kibanda chake nilikijua na hakikuwa na kitanda cha pili, alimbeba mtoto wa mtu mgongoni, akamwambia mama yake, "Twende, kule kwangu kunavuja, mais kuko moto." Safu zikaisha. Nimeona makanisa makubwa na maaskofu wenye pete, lakini sijaona tena kitu kilichonifanya niogope kukohoa ndani ya nyumba ya Mungu.

Mama mwenye nyumba hakumchukua mtu. Tuliporudi akaniuliza njiani, "Ile chumba ya nyuma, unaweka nini mule?"

"Cherehani," nikajibu, "na nguo za watu."

"Inaweza kuingia kitanda?"

Nikasema inaweza. Akaitikia kwa kichwa. Jioni alinidokeza kwamba ndugu zake wa Eringeti wamefika Beni na kesho watakuwa hapa.

Sikuhitaji kuelezwa. Damu nzito kuliko maji, na mimi sikuwa hata maji, nilikuwa mpangaji. Angeniondoa, na angekuwa na haki. Lakini niende wapi? Mume wangu yuko Beni, njia ya Kasindi imefungwa, kila nyumba mjini imejaa watu hadi ukumbini, na tumbo langu limeshashuka. Nilimkasirikia mume wangu, nikawakasirikia watu wa Eringeti ambao hata sikuwajua, Mungu anisamehe. Kisha nikajiambia kwamba mtu mwenye akili hangojei kutolewa. Alfajiri nilikunja godoro, nikafunga vyombo kwenye kanga, nikakokota cherehani mpaka mlangoni, nikafagia chumba cha nyuma mpaka pembe zake. Nia yangu ilikuwa kwenda kuomba pa kulala kwa masista, nikajifungulie huko kama watanipokea.

Mama alipoingia asubuhi alitazama kile chumba kitupu, kilichofagiwa, akapiga makofi taratibu.

"Aa, wasingya," akasema, akinishukuru kwa Kinande. "Umeshatengeneza! Na miye nilikuwa naona haya ya kukuomba, na ile tumbo yako."

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kukosa adabu. "Mama, kutengeneza nini? Mimi nahama! Ndugu zako wanakuja, unataka nikae juu ya paa?"

Alinitazama, akatazama godoro lililokunjwa, akaketi juu ya sanduku la cherehani yangu.

"Kuhama? Ni nani alikufukuza?"

Hakuna aliyenifukuza.

"Ndugu zangu bataingia kwangu," akasema pole pole. "Hawa ba mu chumba ya nyuma ni bengine. Balitembea nao njia moja, hapana banajua mutu hapa. Nikasema baende kwa Mama wa Tanzanie. Yeye anajuaka maana ya kukaa mu inchi ya benyewe."

Basi, wakati mimi nilikuwa nimejihesabu kichwani mwangu kuwa wa kwanza kutoka, mwanamke huyu alikuwa ameshanihesabu miongoni mwa wenye kupokea. Nililia. Sikulia kwa huzuni, wala kwa furaha hasa. Nililia kwa kustaajabu, jinsi mtu mwembamba vile, aliyeishi vitani miaka yote ile, alivyokuwa na nafasi kubwa namna hiyo ndani yake, na mimi niliyetoka nchi ya amani nikawa na nafasi ya kutosha godoro langu tu.

Wale wengine walifika mvua ikinyesha: mama wa makamo, mama mkwe wake, na watoto wawili wamelowa. Walisimama uwanjani, hawakusogea mlangoni. Nikamngoja mama mwenye nyumba awakaribishe, maana nyumba ni yake, na hati yake anayo yeye. Yule mama wa makamo akamwuliza kama wanaweza kuingia.

"Hapana miye wa kuuliza," akajibu. "Huku ni moto ya huyu mama inawaka mu jiko, donc basi nyumba ni yake. Mumuombe yeye."

Wote wakageuka kunitazama. Mvua ilikuwa ikimchuruzika yule mama usoni, na bado alikuwa amebeba godoro kichwani, ananisubiri mimi, mgeni wa watu, nimpe ruhusa katika nchi yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "tuingie?"

Nilipokea lile godoro kichwani pake, nikaliingiza chumba cha nyuma, nikarudi mlangoni.

"Karibuni," nikawaambia. "Karibuni kwangu."