Tetekuwanga Ilinikuta na Ndevu Zangu

Wakubwa wangu, shikamooni. Wengine habari za asubuhi. Mimi ni Shabani, naziba pancha hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Sista wa zamu ameniomba niwasimulie wagonjwa mlioko kwenye foleni yaliyonipata, na nimekubali kwa sababu nimechoka. Nimechoka kusikia mtu mzima akisema, "Aa, tetekuwanga, si ugonjwa wa watoto ule?" Mimi nina miaka thelathini na tisa, na ulinilaza kwenye hospitali hii nikipumua kwa mpira wa puani.

Kabla ya hapo hospitali nilikuwa naiona kwa nje tu. Gurudumu la lori nalifungua mwenyewe na kulibeba mwenyewe. Mke wangu Mwajuma na binti yetu Zuwena walikuwa Mabwerebwere, kule Kilosa, kwa mama mkwe. Mwajuma alikuwa na mimba ya miezi minane, hakutaka kujifungulia mbali na mama yake. Mimi nilibaki huku kwenye chumba cha kupanga.

Kwenye nyumba ile watoto wawili wa jirani waliugua tetekuwanga. Nilikula nao mkeka mmoja, nikawafuta na kamasi. Nilijua kwamba mimi niliugua utotoni. Nilijuaje? Sijui. Mama yangu ni marehemu, wa kumuuliza hayupo.

Baada ya wiki mbili hivi nikashikwa na homa na mgongo. Nikasema malaria, nikanunua dawa bila kupima. Kesho yake naoga, naona vipele vitatu kifuani, vimejaa maji kama malengelenge ya moto. Hadi jioni vimefika usoni, mgongoni na ndani ya nywele. Siku ya pili vilikuwa kooni na, mnisamehe wazee, hadi sehemu za siri. Kukojoa nauma meno. Kulala siwezi, maana ubavu wenyewe wa kulalia sina.

Hapo ndipo madaktari wa mtaani walipoanza kazi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniambia, "Usioge mwanangu, ukioga vipele vitarudi ndani." Fundi mwenzangu Kasimu akasema, "Usimeze dawa yoyote, viache vitoke vyote." Mpangaji mmoja akatangaza kwamba ile si tetekuwanga, ni ule ugonjwa mpya wanaousema redioni. Baada ya hapo ndoo ya maji tuliyokuwa tukishirikiana ikahamishwa, na salamu nikawa napewa kutokea kwenye geti.

Nikajikongoja hadi duka la dawa. Muuzaji hakuinua hata macho vizuri. Akanipa vidonge vya rangi mbili na aspirini.

"Hivi vya nini?" nikamuuliza.

"Vya vipele."

"Na hizi?"

"Za homa. Kaka, mbona maswali mengi?"

Yeye hakuniuliza hata moja.

Na mimi, mjinga, nikawatii wote isipokuwa Kasimu, maana vidonge nilimeza. Siku tatu sikugusa maji. Nilijikuna kwa kucha hizi hizi zenye grisi, vipele vya kiunoni vikatunga usaha. Chumba kikanuka, hata mimi nikaisikia harufu yangu.

Siku ya nne kikaja kikohozi kikavu. Kutoka kitandani hadi chooni nilipumzika mara mbili. Mwajuma akapiga simu. "Baba Zuwena, njoo nyumbani nikuuguze. Huko nani atakupikia uji?"

Ndugu zangu, hakuna neno tamu kama hilo kwa mgonjwa. Nikafungasha begi, nikajifunika kofia na shuka, nikaenda stendi. Konda wa gari la Kilosa akaniangalia usoni, akasema, "Kaka, baki chini. Ukipanda wewe, abiria wote watashuka." Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya akina mama. Leo ningemwona ningemshukuru, ingawa naye hakujua alichokuwa anakizuia.

Pumzi ikaniishia palepale stendi. Dereva wa bodaboda, mtu nisiyemjua, ndiye aliyenileta hapa.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Alikuwa wa kwanza kuniambia nivue shati. Akasikiliza kifua, akauliza kama navuta sigara. Nikasema navuta. Akauliza, "Nyumbani kuna mjamzito?"

"Yupo Kilosa. Nilikuwa njiani kumfuata."

Akaweka kalamu chini. "Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Mwezi umeshapita."

"Vizuri. Yeye aliwahi kuugua tetekuwanga?"

Miaka kumi ya ndoa, sikujua. Akaniambia nipige simu papo hapo. Akapokea mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Mama, Mwajuma aliwahi kuugua tetekuwanga?"

Akafikiri. "Hapana. Waliugua wadogo zake. Yeye wakati ule alikuwa kwa bibi yake, kijijini Munisagara."

Daktari akaichukua simu. Akamsalimia, kisha akamweleza kwamba mama akiupata ugonjwa huu karibu na kujifungua, kichanga anaweza kuzaliwa nao na ukamuua.

"Lakini si ugonjwa wa watoto?" mama mkwe akabisha.

"Ndiyo, mama. Na aliyeko tumboni ni nani?"



Mimi nikaambiwa ugonjwa umeingia kwenye mapafu. Nikawekwa chumba cha peke yangu, nikapewa oksijeni, dawa ya virusi na dawa ya ule usaha. Aspirini zangu zikatupwa. Daktari alisema haziendani na ugonjwa huu. Sista akanikata kucha, akaniogesha kwa maji ya uvuguvugu. Nililia. Si kwa maumivu, ni kwa raha.

Siku mbili sikuweza kumaliza sentensi. Sasa mke anapiga simu, mimi nahema tu. Huko Kilosa shangazi zake wakakaa kikao wakaamua: Shabani ana mwanamke Mikumi. Yaani nakufa, na bado nashtakiwa! Ikabidi sista azungumze na Mwajuma mwenyewe, na hata hapo wakasema huyo sista ndiye huyo mwanamke.

Siku ya tisa havikutoka vipele vipya. Nikaruhusiwa, lakini daktari akanikataza Kilosa hadi magamba yote yakauke na yeye mwenyewe ayaone. Nikiwa bado kwenye chumba changu cha kupanga, simu ikaita. Sikusikia salamu, nilisikia kichanga analia. Wa kiume. Mzima.

Nilimshika akiwa na siku kumi na moja. Mwajuma alinifungulia mlango, akayatazama makovu yangu moja moja. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli." Nikanyoosha mikono nipewe mwanangu.

Alhamdulillahi. Nawashukuru daktari, sista na yule wa bodaboda. Wenye vipele, ogeni, kateni kucha, msinunue dawa kama karanga. Mtu mzima akianza kukohoa au kukosa pumzi, aje siku hiyohiyo. Akina baba, waulizeni wake zenu waliugua nini utotoni, msisubiri kuulizwa kama mimi. Na ukifika hapa na vipele, mwambie sista kabla hujakaa, maana kwenye mabenchi haya kuna wajawazito.

Wewe kaka mwenye kofia huko nyuma, unayejikuna tangu nianze kusema, usiniulize mimi upake nini. Inuka. Mlango wa daktari ni ule pale.