Gari Halijauzwa Mpaka Jina Litoke

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijavua sweta. Ilikuwa ofisi ya wakili mjini Embu, ghorofani juu ya duka la mbegu, na Karani Mkuu alikuwa mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea. Alinipa mkataba wa mauzo ya gari nipige taipu. Nikainakili nambari ya chesi, ile ndefu inayochongwa kwenye chuma cha gari, kutoka karatasi aliyoleta mwenye gari.

"Umeiona kwa macho yako?" akaniuliza.

"Imeandikwa hapa, mama."

"Sijauliza imeandikwa wapi. Teremka, fungua boneti, uisome kwenye chuma."

Nikateremka na viatu vyangu vipya, nikarudi na grisi mpaka kwenye kola. Nambari zililingana, lakini hakunipongeza. Alinyoosha mkono tu, akachukua karatasi, akaendelea na kazi.

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu na gari likabadilisha mmiliki huenda mkadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Wakati wetu muuzaji alikuja na logbuku, kile kitabu kinachoonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Yeye na mnunuzi walijaza fomu ya uhamisho, wakatia sahihi wote wawili, wakaambatisha nakala za vitambulisho na za PIN ya kodi. Halafu sisi tukaandika mkataba wa mauzo, unaotaja gari, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Watu waliicheka sana hiyo saa. Lakini gari lililokabidhiwa asubuhi linaweza kugonga mtu jioni, na hapo kila mmoja atataka kujua lilikuwa la nani wakati huo. Bahasha ya karatasi hizo ikapanda basi kwenda Nairobi kwa msajili wa magari, nasi tukangoja.

Mwenye gari akiwa amefariki, familia ilipaswa kwanza kupata idhini ya mahakama ya kusimamia mali yake. Gari likiwa na mkopo, benki ilipaswa kuandika barua kwamba imeliachilia. Wengi walitoka ofisini kwetu wamenuna. Hao sikuwaonea huruma sana. Niliowahurumia ni wale waliotoa logbuku na ufunguo, wakashikana mikono na mnunuzi, wakaenda nyumbani wakiamini wameuza, huku logbuku ikibaki na jina lao. Wakili Mkuu wa Embu, mtu wa maneno machache, alikuwa na msemo wake mmoja tu kwa watu hao: "Gari halijauzwa mpaka jina litoke."

Nilihamishiwa tawi la Meru, chini ya Wakili Msimamizi, mwanamume mwembamba aliyekunywa chai bila sukari na bila haraka. Huko nilikaa hadi nikastaafu. Taipureta ikaondoka, tarakilishi ikaja, na mwishowe uhamisho wenyewe ukaingia mtandaoni: muuzaji anafungua akaunti yake, anaanzisha uhamisho, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake. Makosa ya watu hayakuhama. Na kosa ambalo sitalisahau lililetwa na Mzee M'Inoti wa Kaaga.

Mzee huyu alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, na kila alipopita mjini alituletea ndizi. Asubuhi hiyo hakuja na ndizi. Alikuja na mfuko wenye sweta nzito, blanketi na kipande cha sabuni.

"Mwari wa Embu," akaniambia, kwa maana Wameru hawakuacha kunikumbusha kwamba mimi ni binti wa Embu, "polisi wamenipigia simu. Ati pikapu yangu imegonga kijana wa boda huko Runyenjes, ikatoroka. Kijana amevunjika mguu. Mimi siku hiyo nilikuwa nachimba viazi! Wanataka niende station leo. Mama watoto amenipakia vitu za kulala huko."

"Si pikapu uliuza?"

"Niliuza. Iko na Mutegi, mtu wa Tharaka."

"Mliandikiana?"

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. "Huyo ni gichiaro yangu."

Mimi si Mmeru, kwa hiyo ilibidi anieleze. Gichiaro ni udugu wa kiapo kati ya koo, uliowekwa na mababu. Watu wa gichiaro hawadanganyani, hawanyimani, hawaumizani, na anayevunja jambo hilo huogopa balaa kwa watoto wake. Siku ya kuuziana gari, Mzee na Mutegi walikunywa uji kutoka kibuyu kimoja, basi. Kumwambia Mutegi "tia sahihi hapa" kungekuwa kumwambia "nakushuku". Hivyo mzee wa watu alilima viazi vyake miaka yote hiyo huku pikapu ikizunguka nchi kwa jina lake.

Niliudhika, na niliogopa. Sheria humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na Mzee hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha. Angeweza kulala ndani kwa kosa lisilo lake, kisha adaiwe fidia mpaka shamba liuzwe.

"Basi mpigie Mutegi simu sasa hivi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba yeye ni mkora? Gichiaro haishtakiwi. Heri nilale ndani." Akaukumbatia mfuko wake.

Wakili Msimamizi alimsihi, akamweleza vifungu vya sheria, akamwekea chai. Mzee hakutikisika. Nilitaka kulia kwa hasira. Ndipo nikamuuliza, kwa kukosa lingine la kusema, "Mzee, mtu wa gichiaro akikuomba kitu, unaweza kumnyima?"

"Ari! Haiwezekani."

"Basi usimshtaki. Mwombe."

Aliuweka mfuko sakafuni. Kisha akatoa simu, akaiweka juu ya meza yangu ili sote tusikie.

"Mutegi, niko na ombi."

"Sema, mzee."

"Nakuomba ukuje Meru, utoe jina langu kwa hiyo gari."

Mutegi hakuuliza sababu. "Nakuja," akasema.

Alifika mchana huohuo, vumbi la Tharaka limemjaa mpaka kwenye nyusi. Tulipomweleza yaliyotokea alikaa chini bila kuambiwa. Dereva wake alikuwa amerudisha pikapu na taa imevunjika, akamwambia amegonga ng'ombe. "Aliniambia ni ng'ombe," akarudia, ameshika kichwa. Kisha akamgeukia Mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

"Lakini mzee, kwa nini hukuniomba hii kitu siku ile? Kama ungeniomba tuandikiane, ningekunyima?"

Mzee M'Inoti akautazama mfuko wake wa blanketi. Hilo hakuwa amelifikiria.

Mutegi alitaka tuandike mkataba kwa tarehe ya zamani ili mambo yaishe haraka. Wakili akaiweka kalamu chini. "Hapana. Tarehe ni ya leo. Ndani ya kiapo cha maandishi mtaeleza siku mliyokabidhiana. Karatasi ikianza na uongo, hata ukweli ulio ndani yake utatiliwa shaka."

Kila mmoja akaapa kiapo chake, wakaenda kituo cha polisi pamoja na Wakili. Mutegi mwenyewe alimpeleka dereva, akapeleka pia cheti cha bima, ambacho kwa bahati njema kilikuwa kwa jina lake, akaandika taarifa kwamba pikapu ni yake na imekuwa yake tangu walipokabidhiana. Polisi wakamwambia Mzee ataitwa kama shahidi, si kama mshtakiwa. Kutoka hapo Mutegi alikwenda hospitalini kumwona yule kijana wa boda, ambaye baadaye alitembea tena, ingawa kwa kuchechemea.

Polisi walipomaliza kulikagua gari, tukaanzisha uhamisho. Tukakwama mara moja. Akaunti ya Mzee ilifunguliwa zamani na msichana wa saiba, lile duka la intaneti karibu na soko la Gakoromone, naye alikuwa ameandika nambari ya simu yake mwenyewe, kwa hiyo namba ya siri ilikwenda kwake. Tulimpata, akacheka, tukabadilisha. Mutegi akakubali uhamisho akiwa amekaa kando ya Mzee. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia kwenye simu, Mzee aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama somo la kanisani. Halafu akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka nayo.

"Sasa ndiyo nimeuza," akasema.

Mimi nami nilijiona mwepesi siku hiyo kuliko siku yoyote katika kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, jambo ambalo mama yangu alinikataza tangu utotoni.

Nimestaafu sasa, na majirani bado wananiuliza. Nawaambia tafuteni kwanza rekodi ya gari mtandaoni, muone ni la nani na kama benki imeliwekea mkono. Isomeni chesi kwenye chuma. Andikeni saa. Bima ya muuzaji haimfuati mnunuzi, basi kila mtu akate yake. Sheria humpa mnunuzi wiki mbili tu za kuliendesha kabla ya kusajiliwa, na muuzaji asilale mpaka aone jina lake limetoka. Wakiniambia kwamba mnunuzi ni ndugu, ni rafiki, ni mtu wa kanisa, nawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu nzuri ya kumwomba, maana ndugu hatakunyima.

Siku ya kuniaga ofisini, Mzee M'Inoti na Mutegi walikuja pamoja, wakivuta beberu mweusi kwa kamba. Nilipoinuka kumpokea, Mzee akaishikilia kamba na kutoa karatasi mfukoni. Ilieleza rangi ya beberu, pembe zake, na alama ya sikio la kushoto. Wote wawili walikuwa wametia sahihi.

"Weka sahihi kwanza, mwari wa Embu," akasema, "na uandike saa. Huyu mbuzi akikula sukumawiki ya mtu leo jioni, wasikuje kwangu Kaaga."

Nikaenda kuangalia alama ya sikio kwa macho yangu mwenyewe, kisha nikatazama saa ya ukutani, nikatia sahihi.