Ushindi Niliopewa Siku ya Machokoraa

Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2024. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, hata uwanja wa shule haukuonekana kutoka dirishani kwangu.

Nilimaliza kusali, nikafungua simu, nikajikuta humo nikiwa na miaka kumi na minne. Watu wananicheka.

Ilikuwa picha, kwenye ukurasa wa waliosoma sekondari yetu hapa Ohio. Marcene Hupp, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za wiki ya mechi, alikuwa ameandika: "Mnamkumbuka huyu? Mshindi wa Siku ya Machokoraa! Mwaka huu tunairudisha!"

Nikaizima simu kwa hasira.

Kila mwaka, wiki ya mechi kubwa, shule nzima huvaa mavazi ya mzaha. Leo pajama, kesho rangi za timu. Enzi zetu Alhamisi ilikuwa ya machokoraa: matambara, masizi usoni, na zawadi kwa aliyepatia zaidi.

Mimi nilikuwa mgeni. Hakuna aliyeniambia. Nilienda na koti langu la kila siku, lenye viraka.

Wakanipandisha jukwaani. Wakanipa ushindi.

Sikurudi tena shule. Ndiyo maana leo, nikiwa na miaka hamsini na tano, nasoma masomo ya jioni kwenye jengo lile lile.

Jioni hiyo niliacha hesabu zangu, nikaenda ukumbini kwenye kikao cha kamati. Njiani niliomba, "Bwana, shika ulimi wangu."

Hakuushika.

"Marcene! Lile halikuwa vazi la maigizo. Lilikuwa koti langu!"

"Dada Oleta, punguza moto bwana," akadakia Dale Yost, nyota wa timu wa zamani. "Utani wa kitoto tu ule. Hata kocha alicheka."

"Wewe jioni ulivua matambara yako, Dale. Mimi ningevua nivae nini?"

Nikamgeukia mwenyekiti.

"Na wewe Marcene, ulicheka kuliko wote!"

Marcene hakuinua macho. "Iangalie tena ile picha. Nani kasimama pembeni yako?"

Asubuhi nilikuwa nimejiona mimi tu. Nikaangalia. Ni yeye, mshindi wa pili, suruali kaifunga kwa kamba.

"Ilikuwa ya kaka yangu," akasema taratibu. "Sikuwa na nyingine. Nilijipaka masizi ili wadhani naigiza. Nikacheka sana ili wakuangalie wewe."

Mnadhani nililainika? Wapi! Hasira ilipanda. Dale hakujua kuwa sikuwa na koti jingine. Huyu alijua, na bado alitaka kuirudisha.

Nimemwombea tangu kikao kile, na moyo bado mgumu. Ila hili nimejifunza: kabla hamjaita kitu kumbukumbu nzuri, mtafuteni aliyechekwa mumuulize.

"Simama uwaambie wenzako," nikamwambia Marcene jioni ile.

Akasimama, kamati nzima ikimtazama.

"Siku ya Machokoraa hairudi nikiwa hai," akasema. "Na Ijumaa, kabla ya mechi, nitashika kipaza sauti niuambie mji mzima ile suruali ilikuwa ya nani."